Azimio la Musoma na Azimio la Kazi: Uhakiki wa Mpango wa Mwaka wa Masomo Yanayohusiana katika Madarasa ya Juu ya Shule za Msingi za Musoma, Bunda na Butiama

Ikisiri

Uhakiki huu unalisoma azimio la kazi, waraka ambao mwalimu wa shule ya msingi nchini Tanzania huuandaa kabla ya muhula kuanza, kama matini yenye umbo na mtazamo wake. Hoja inayotetewa ni kwamba kinachozuia masomo ya madarasa ya juu yasihusiane si upungufu wa nia katika sera, bali ni umbo la waraka huo na aina ya mwaka unaoupima. Mifano imetolewa Musoma, Bunda na Butiama. Nyaraka zinazojadiliwa ni Elimu ya Kujitegemea (1967), Azimio la Musoma (1974), mihtasari ya elimu ya msingi ya 2016 na mtaala wa 2023.

Neno moja, nyaraka mbili

Neno azimio limebeba mizigo miwili isiyolingana uzito. Lipo Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mjini humo Novemba 1974. Na lipo azimio la kazi, jedwali ambalo mwalimu hulichora katika daftari au hulichapa, kisha hulipeleka kwa mwalimu wa taaluma na kwa mwalimu mkuu likasainiwe. La kwanza limo katika vitabu vya historia. La pili hufungiwa kabatini mwaka unapokwisha. Wahakiki wa elimu wameandika mengi kuhusu la kwanza, na la pili wamewaachia wathibiti ubora wa shule, ambao kazi yao ya kawaida ni kuona kama lipo, limejazwa na limesainiwa.

Mgawanyo huo wa kazi una kasoro. Sera yoyote ya elimu, iwe imetangazwa kwa ngoma au kwa waraka wa wizara, haimfikii mtoto wa Darasa la Tano mpaka ipite katika jedwali hilo. Kisichokuwa na safu ndani yake hakifundishwi, au hufundishwa kwa hisani ya mwalimu mmoja mwenye moyo.

Shamba la 1967

Elimu ya Kujitegemea husomwa zaidi kama waraka wa siasa. Ikisomwa kama maelekezo ya ufundishaji, ina sehemu ambayo ni mpango kamili wa kuhusianisha masomo. Nyerere anapendekeza shule iwe na shamba. Tabia za mbolea zielezwe katika somo la sayansi, kisha wanafunzi waone shambani faida zake na mipaka yake. Hifadhi ya udongo na malisho bora vifundishwe darasani na kutendwa nje. Wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, na hesabu za shamba ziwe wazi kwao. Ndani ya shamba hilo moja zimo sayansi, jiografia, hisabati na uraia, na kinachoziunganisha ni jambo lisilobishaniwa: mazao yatapatikana au hayatapatikana.

Mpango huo una mapengo mawili. La kwanza ni lugha. Katika shamba la 1967 Kiswahili ni chombo cha kupashana habari tu, na haielezwi ni nani ataandika taarifa ya shamba, ataiandikia nani, wala ataisahihisha nani. La pili ni kwamba kitovu ni kimoja. Mwandishi aliyezaliwa Butiama na kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, hatua chache kutoka ziwani, ameandika waraka ambao mfano wake mkuu ni jembe. Sababu inaeleweka, kwani wananchi wengi walikuwa wakulima. Hata hivyo shule ya mwambao wa Musoma iliyotaka kuutii waraka kwa herufi zake ilibidi itafute shamba wakati mwalo ulikuwa mbele ya macho yake.

Ukosoaji uliozoeleka unasema kwamba baadaye shamba la shule likageuka kuwa chanzo cha fedha, kazi za mikono tupu, hata adhabu. Ukosoaji huo ni wa haki, lakini haufiki kwenye chanzo. Waraka ulisema nini kifanyike shambani. Haukusema ni katika jedwali lipi itaandikwa kwamba wiki ya kupanda ndiyo wiki ya kufundisha uwiano. Jaribio la shule ya jamii ya Kwamsisi, mkoani Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilikaribia kulijibu swali hilo kwa kuyasogeza masomo karibu na maisha ya kijiji. Lilibaki jaribio.

Azimio la Musoma lilirudia dai la kuunganisha elimu na kazi, likaongeza dai kubwa zaidi: elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe Novemba 1977, badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa awali. Kati ya madai hayo mawili, idadi ndiyo iliyoshinda. Ili walimu wapatikane, vijana waliomaliza Darasa la Saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa msaada wa redio na masomo kwa njia ya posta. Mwalimu aliyetayarishwa kwa haraka namna hiyo alihitaji kitu cha kushikilia, na muhtasari wa kila somo, ukiwa peke yake, ulikuwa ndicho kitu chenyewe. Halikuwa kosa lake. Lakini mji ambao jina lake limeambatana na wito wa kuunganisha ndio huohuo ambao azimio lake liliharakisha utegemezi wa mihtasari iliyotengana.

Umbo la jedwali

Azimio la kazi la sasa lina safu za umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, mbinu, zana, rejea, upimaji na maoni. Juu yake huandikwa jina la mwalimu, shule, mwaka, darasa na somo. Somo hutajwa kabla ya kitu kingine chochote kuandikwa, na baada ya hapo hakuna safu inayouliza mwenzake wa chumba cha pili anafundisha nini wiki hiyo. Katika madarasa ya chini upungufu huu hausumbui sana, maana mwalimu mmoja huweza kushika masomo mengi ya darasa moja, na uhusiano ukabaki kichwani mwake. Kuanzia madarasa ya juu kila somo huwa na mwalimu wake. Uhusiano uliokuwa kichwani mwa mtu mmoja hauna tena kichwa cha kukaa.

Itajibiwa kwamba mitaala ina masuala mtambuka: mazingira, jinsia, afya, UKIMWI. Jibu hilo linachanganya mambo mawili. Katika lugha ya mitaala, kilicho mtambuka ni jambo linalopenyezwa ndani ya kila somo, na hakijengi daraja kati ya somo na somo. Mwalimu wa Sayansi anataja mazingira, mwalimu wa Kiswahili anatoa insha ya mazingira, na wote wawili wamemaliza wajibu wao bila kuzungumza. Mwanafunzi ameyasikia mazingira mara mbili, na hajayaona mara moja.

Safu ya mwisho, Maoni, ndiyo pekee iliyoachwa wazi. Hujazwa baada ya kufundisha, mara nyingi kwa sentensi isiyobadilika kwamba mada imeeleweka na wanafunzi wengi. Katika jedwali lote hapo ndipo mwalimu anaruhusiwa kuwa na sauti, na hapo ndipo amepewa nafasi nyembamba kuliko zote.

Sadfa ya lugha imeliweka neno kuazimia jirani ya neno kuazima. Maazimio yaliyochapwa tayari huuzwa na kuzungushwa kwa simu, na mwalimu wa Bunda anaweza kutumia lililoandikwa Kibaha bila kubadilisha zaidi ya jina la shule. Kumlaumu kwa uvivu ni kuharakisha hukumu. Waraka unauliza shule inaitwaje, hauulizi iko wapi. Kinachofanana kila mahali kinaazimika kila mahali.

Kuunganisha na kutenganisha

Wapo wanaodhani tatizo ni idadi ya masomo, na kwamba dawa ni kuyaunganisha. Mihtasari ya 2016 ilikusanya historia na jiografia ndani ya Maarifa ya Jamii. Mtaala wa 2023, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa Darasa la Kwanza na la Tatu, umezitenganisha tena: Jiografia na Mazingira upande mmoja, Historia ya Tanzania na Maadili upande mwingine. Miaka kumi haijapita na milango imefungwa na kufunguliwa. Hakuna ushahidi ndani ya mihtasari yenyewe kwamba kuunganisha jina la somo kulibadilisha umbo la kipindi. Kitabu chenye sura ya historia ikifuatiwa na sura ya jiografia ni vitabu viwili vilivyoshonwa pamoja. Kundi lililoanza Darasa la Tatu mwaka 2024 linafika Darasa la Tano mwaka 2026, na linakutana na walimu waliozoea mpangilio wa zamani na jedwali ambalo halijabadilika vya kutosha. Wakati huu ndio unaofaa kulihakiki.

Giza la mwezi, Musoma

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, na sasa taa za betri na za umeme wa jua zimeenea. Mwanga huwavuta dagaa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi taa hupoteza nguvu yake na mitumbwi mingi hupumzika. Kazi ya mwalo inafuata mwezi wa angani. Siku za giza kuna samaki, kuanika, wachuuzi na fedha. Mwezi ukipevuka kuna kutengeneza nyavu na kusubiri. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu hivi, na haugawanyiki katika wiki za ratiba ya shule bila kubaki salio.

Katika jambo hili moja zimo mada ambazo mihtasari ya madarasa ya juu tayari inazidai, kila moja mahali pake. Mwanga na sura za mwezi ni za Sayansi. Uzito wa dagaa wabichi ukilinganishwa na wa dagaa wakavu ni uwiano na asilimia, na wanafunzi wanaweza kuupima wenyewe kwa mizani ya duka badala ya kupewa namba kitabuni. Sado na debe, vipimo vinavyotumika sokoni, vinataka kubadilishwa kuwa kilo, na hapo mtoto wa mchuuzi ana jambo la kumfundisha mwalimu. Kwa nini dagaa wa masika huharibika na kuuzwa kuwa chakula cha mifugo ni swali la hali ya hewa na la bei kwa pamoja. Katazo la kokoro na la nyavu zenye matundu madogo ni suala la uraia ambalo halina jibu rahisi kwa mtoto ambaye nyumbani kwao nyavu za aina hiyo zimewahi kukamatwa.

Kiswahili kina sehemu kubwa zaidi hapa kuliko inavyopewa kwa kawaida. Mahojiano na mwanamke anayeanika dagaa, ripoti ya upimaji, barua kwa ofisi ya kijiji kuhusu chanja za kuanikia: hizi ni aina za uandishi ambazo mihtasari huziorodhesha, na hufundishwa kwa mifano ya watu wasiokuwapo. Barua yenye anwani ya kweli husahihishwa tofauti, kwa sababu kosa la maana lina mtu wa kumpotosha. Pengo la 1967 lingezibwa hapo.

Inafaa kutaja kiasi cha kazi kinachohitajika, maana hoja ya aina hii huangushwa kwa kuambiwa kwamba ni ndoto. Si lazima walimu wote wafundishe dagaa kwa mwezi mzima. Mwalimu wa Hisabati asogeze asilimia wiki mbili mbele, mwalimu wa Sayansi apange mwanga katika kipindi kinachoanzia mwezi mpevu na kuishia gizani, mwalimu wa Kiswahili apeleke ripoti baada ya hao wawili. Vipindi ni vilevile vya dakika 40. Kilichoongezeka ni kikao kimoja kabla ya maazimio kusainiwa. Daftari la mahudhurio nalo linaweza kusomwa pamoja na kalenda ya mwezi, ili ijulikane kama giza linapunguza watoto darasani. Swali hilo linapimika shuleni kwa kalamu na rula.

Pamba na mwaka uliokatwa

Bunda inaonyesha kasoro nyingine, ambayo ni ya ndani zaidi. Pamba ya ukanda wa magharibi hupandwa Novemba na Desemba, na huchumwa na kuuzwa kuanzia Mei na Juni. Mwaka wa shule huanza Januari na kwisha Desemba. Mbegu inaingia ardhini mtoto akiwa Darasa la Tano, na pamba inafika ghalani akiwa Darasa la Sita, mbele ya mwalimu mwingine mwenye azimio jingine. Mwaka wa jedwali unalikata zao katikati. Aliyeandika azimio la Darasa la Sita mwezi Januari anakuta pamba imeshaota, na kupanda kwake kumekwisha kusomwa au hakukusomwa.

Hili halitatuliwi kwa kuongeza safu. Linataka swali la awali zaidi: mwaka wa kufundishia unaanza lini? Katika Bunda jibu lenye mantiki ni kupanga Darasa la Tano na la Sita kama kipindi kimoja cha miaka miwili, chenye kupanda mwishoni mwa mwaka wa kwanza na kuuza katikati ya wa pili. Daftari la shamba lihame na mwanafunzi. Ndani yake kuna tarehe ya mvua ya kwanza, idadi ya mashimo yaliyoota, siku ya kupalilia, kilo zilizopimwa na bei iliyotangazwa. Mtoto anayelifungua Juni anasoma maandishi yake mwenyewe ya Novemba, na kwa umri wake hiyo ni historia ya kweli kuliko nyingi atakazofundishwa. Darasa la Saba halifai kuingizwa katika mpango huu, kwa kuwa mtihani wa kuhitimu hufanyika Septemba na kuwaondoa shuleni kabla ya msimu kuanza.

Tembo wanaotoka upande wa Serengeti na kuingia mashambani wangestahili mpango wao, hasa kwa vijiji vilivyo jirani na hifadhi. Hapa inatosha kusema kwamba mada ya utalii, ikifundishwa bila shamba lililokanyagwa, humfundisha mtoto wa Bunda kuitazama nchi yake kwa macho ya mgeni.

Butiama na kishawishi cha kusifu

Butiama ina hazina ambayo shule nyingine hazina, nayo ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Kaburi la Nyerere liko Mwitongo, makumbusho yako hapo, na kila tarehe 14 Oktoba taifa zima linakumbuka. Azimio la kazi linaloipa wiki hiyo nafasi ya ziara litakuwa limefanya jambo jema na rahisi. Lakini jina la somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, linavuta mkono wa mwalimu upande mmoja: historia iwe mfuko wa mifano ya tabia njema. Mahali pengine kishawishi hicho ni kidogo. Butiama ni kikubwa.

Kinga iko katika maandishi ya Nyerere mwenyewe. Mwalimu aliyetafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi aliacha mfano wa kazi ya lugha ambao Darasa la Sita linaweza kuugusa kwa kiwango chake: sentensi moja ya Kizanaki ya bibi wa nyumbani, iliyotafsiriwa na wanafunzi watano, na mjadala wa kwa nini tafsiri zimetofautiana. Elimu ya Kujitegemea iwekwe mbele yao kwa vifungu vifupi vilivyoandikwa upya, nao waulize shamba la shule yao limetimiza lipi na limeshindwa lipi. Wazee walioishi wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, bado wapo. Mahojiano nao yatatoa sauti zisizokubaliana, na darasa la maadili lisiloweza kustahimili sauti zisizokubaliana halijamheshimu mwandishi wa waraka ule, ambaye alitaka wanafunzi wenye akili ya kuhoji.

Msomaji wa fasihi ataongeza kwamba ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ambayo toleo lake la Kiswahili lilitoka 1980. Kilimo, uvuvi, dawa na ndoa zimo ndani yake bila mipaka ya masomo. Kwa urefu wake haiwezi kuwa kitabu cha Darasa la Sita. Vifungu vyake vilivyochaguliwa vinaweza.

Pingamizi

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa walimu wa Hisabati, na linastahili kukubaliwa kwa sehemu. Somo lao lina ngazi zake, na sehemu haziwezi kufundishwa baada ya asilimia kwa sababu tu dagaa wamefika. Aidha, uhusiano wa uongo ni mbaya kuliko kutokuwepo uhusiano. Swali la kujumlisha ambalo machungwa yamebadilishwa kuwa sangara limebaki kuwa swali la machungwa. Kwa hiyo mpango wa mwaka wenye nyuzi mbili au tatu zilizofikiriwa una thamani kuliko ule unaofunga kila wiki na kila somo kwa kamba moja.

Pingamizi la pili ni mtihani. Baraza la Mitihani hutunga karatasi ya kila somo peke yake, na mwalimu mkuu hupimwa kwa matokeo hayo. Waraka wa 1967 ulitaka mtihani ushushwe hadhi, na miaka zaidi ya hamsini baadaye haujashuka. Hoja ya uhakiki huu haimtaki mwalimu wa Butiama aubeze. Mada zilizotajwa hapo juu zote zimo katika mihtasari inayotahiniwa. Kilichobadilishwa ni mfuatano wake na mahali pa kuzipatia mifano. Somo la English lina ugumu wake, kwani mtoto anayehoji mwaloni kwa Kijita na kuandika kwa Kiswahili ana safari ndefu kabla ya kufika lugha ya tatu, na pengine ni busara lisiingizwe katika nyuzi hizi mpaka muhula wa pili.

Kinachohitajika kwa hatua ya kwanza ni karatasi moja inayotangulia maazimio yote ya darasa. Iwe na miezi kumi na miwili upande mmoja, na upande mwingine mvua, giza la mwezi, kupanda, kuchuma, soko, sikukuu na mtihani, kama vilivyo katika kata hiyo na si nyingine. Isainiwe na walimu wote wa darasa kabla ya mwalimu yeyote kuandika jina la somo lake. Kwa shule za Bunda, ianze Novemba.